Kumuuliza Mzee kwa Kiingereza

Kitabu tulichosomea kilikuwa chembamba, chenye jalada la rangi ya majani makavu ya mgomba. Kila somo lilianza na hadithi fupi isiyojaza ukurasa, kisha yakaja maswali juu ya hadithi ile, na mwisho sentensi zenye mapengo ambayo mwanafunzi aliyajaza kwa neno lililokosekana. Mimi nilipenda mapengo kuliko vyote. Pengo halikukodolei macho. Unaweza kukaa nalo kimya mpaka neno lije, ukaliandika taratibu, na hakuna anayejua umechukua muda gani.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nne huku kwetu Kirua Vunjo. Nafasi za kuendelea zilikuwa chache nami sikupata. Wakati ule Kiingereza kilianza darasa la tano, kwa hiyo nilitoka shuleni bila hata neno la salamu. Nilirudi kihambani, katika migomba na kahawa ya baba, nikakata majani ya ng'ombe na kungojea zamu yetu ya maji ya mfereji. Sikuwa na huzuni. Lakini siku moja baada ya ibada, mwalimu mmoja kijana, mtu wa Machame, alisimama akatangaza kwamba atafundisha Kiingereza alasiri mbili kila juma, kwa mtu yeyote anayetaka. Nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, na kabla hajamaliza kusema nilijua kwamba nitakwenda.

Mwalimu alizungumza nasi kwa Kiswahili, kwa sababu Kichagga chake cha Machame kilituchekesha, na chetu kilimfanya yeye akune kichwa. Tulikuwa vijana wengi, wasichana wachache waliokaa pamoja karibu na dirisha, na mzee mmoja tu. Mzee huyo alikuwa baba yangu mkubwa, binamu wa baba yangu, mtu mwenye mvi na koti zito alilolivaa hata jua linapowaka. Yeye alikuwa amenunua kitabu lakini macho yake hayakuona herufi ndogo. Mimi macho yangu yalikuwa mazima lakini sikuwa na kitabu. Tukakaa benchi moja.

Watu walimuuliza kwa nini anajisumbua na Kiingereza katika umri ule. Hakuona haya kueleza. Bwana Shamba, yule Mzungu aliyekuja kukagua mibuni yetu, alikuwa na mkalimani, na baba mkubwa hakumwamini mkalimani huyo hata kidogo.

"Mimi nasema maneno mengi," alisema, "yeye anamwambia Mzungu maneno mawili. Yale mengine anayapeleka wapi?"

Hivyo ndivyo tulivyogawana kazi. Mimi nilimsomea hadithi kwa sauti ya chini, nikamweleza maana yake, nikaandika majibu ya mapengo. Mwalimu alipotaka mtu wa kusema, baba mkubwa alisimama na kusema kwa sauti ya mtu anayemwita jirani ng'ambo ya bonde. Alikosea sana na hakujali. Nilikaa chini ya kivuli cha sauti ile kwa miezi mingi nikiwa nimeridhika kabisa. Niliifahamu hadithi ya mwanamke aliyepeleka mayai sokoni, na ya mtu aliyeikosa treni, na ya mkulima aliyeuza ng'ombe wake mbaya kwa rafiki yake. Niliweza kuzisoma zote bila kukwama. Ila hakuna aliyekuwa amewahi kusikia mdomo wangu ukizisema.

Halafu tukafika kwenye somo la kuulizana.

Mwalimu alisema sasa tuyaache maswali ya kitabu. Kila mtu amuulize jirani yake maswali ya namna ile ile, lakini juu ya maisha yake. Akaandika ubaoni: una umri gani, una watoto wangapi, una ng'ombe wangapi, unalala saa ngapi, jana ulikula nini. Alipofika benchi letu akanyoosha chaki kwangu.

"Muulize."

Nikatazama kucha zangu.

"Muulize ana ng'ombe wangapi. Sentensi iko ubaoni, huna haja ya kuitunga."

"Mwalimu," nikasema kwa Kiswahili, "huyu ni baba yangu mkubwa."

"Humu darasani hakuna baba mkubwa. Kuna anayeuliza na anayejibu."

Kwetu mkubwa ndiye anayeuliza. Anaweza kumuuliza kijana jambo lolote, hata mbele za watu, na kijana atajibu. Kijana hamuulizi mkubwa habari zake. Na kuhusu ng'ombe, hata mkubwa mwenzake hamuulizi. Mtu anao mmoja au wawili nyumbani, na wengine amewaweka kwa watu wawafuge, huyu hapa na yule kule, na jumla yao anaijua mwenyewe kifuani. Watoto ndio kabisa. Mtoto anaitwa kwa jina, hahesabiwi kama mkungu wa ndizi.

Baba mkubwa aliinuka polepole.

"Wewe mtu wa Machame," alisema, "kwenu mnaulizana hivi?"

"Hatuulizani, mzee. Lakini Waingereza wanaulizana."

"Ndiyo maana wametoka kwao kuja kuuliza vya watu."

Darasa zima likacheka, na mwalimu naye akacheka, lakini chaki haikushuka. Nikasimama. Nikaliuliza lile swali nikiitazama nguzo ya mlango, kwa sauti ambayo hata nguzo nadhani haikuisikia.

Baba mkubwa alijibu kwa Kiingereza, kwa nguvu, "Mimi sina ng'ombe!"

Nyuma yetu vijana wawili walikohoa. Wote wawili walikuwa wametoka kumkatia majani ng'ombe wake asubuhi ile ile, ambaye alikuwa amemweka kwao wamfugie.

"Sentensi ni sahihi," mwalimu alisema. "Swali la watoto."

"Sina mtoto!" baba mkubwa alijibu hata kabla sijafungua kinywa. "Sina umri! Jana sikula!"

Wasichana wa dirishani walilaza vichwa mezani kwa kicheko. Mimi nilikaa chini, nikajiambia kwamba sitasimama tena humo ndani.

Baada ya mavuno ya kahawa mwalimu akaja na habari. Hospitali ya mjini Moshi ilikuwa inatafuta vijana wawili wa kufundishwa kazi ya dresa, kufunga vidonda na kuwaangalia wagonjwa. Ilitosha kuwa na darasa la nne ikiwa kijana anasoma Kiingereza kidogo na kukisema. Alitubakiza baada ya somo sisi wachache aliotufikiria, kisha akatuambia wazi jinsi tutakavyojaribiwa. Utasoma kifungu kifupi. Utajibu maswali. Kisha utapelekwa mbele ya mgonjwa umuulize kwa lugha yake, umweleze Sista, muuguzi mkuu, kwa Kiingereza.

"Wewe kusoma utaweza," aliniambia tulipobaki wawili. "Lakini mgonjwa wako atakuwa mzee, maana wazee ndio wengi. Ukiitazama nguzo pale, watamchukua mwingine."

Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Sikujua kueleza kwa nini. Nilikuwa nimemwona dresa mmoja akimfunga mama yangu mkono alioungua, akizungusha kitambaa taratibu bila haraka yoyote, na nilifikiri kwamba hiyo ndiyo kazi ambayo mtu mkimya anaweza kuifanya vizuri.

Baba hakufurahi. "Utaosha vidonda vya watu wasio wa ukoo wako?"

"Vidonda navyo vina ukoo?" mama akauliza akiwa anamenya ndizi za mtori, na baba akatoka nje kutazama ng'ombe. Kilichomsumbua kilikuwa kitu kingine. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa mwisho aliyebaki nyumbani, na mikono ya kihamba ilikuwa yangu na yake tu.

Siku moja nilikwenda kumsaidia baba mkubwa kukoboa kahawa. Nilizungusha mashine naye akamimina maji, na katikati ya kelele ile nikamweleza. Aliacha kumimina.

"Hospitali utawauliza wazee?"

"Mwalimu anasema ndiyo kazi yenyewe."

"Hata mambo ya chooni?"

"Hata hayo."

Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. Alipomaliza kucheka akajifuta macho na kuniambia nimuulize hapo hapo kama amelala vizuri. Nilijaribu. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno yakarudi.

"Sikiliza, mwanangu," alisema. "Mama yako akitaka kujua kama nimeamka mzima, huniuliza?"

"Hapana."

"Hufanya nini?"

Nikamweleza kwamba mama huenda kwake asubuhi kuomba kaa la moto, hata siku ambazo moto wake mwenyewe unawaka.

"Akiona moto wangu unawaka, anajua nimeamka. Akiona haukuwashwa, anakaa, nami namweleza. Mimi nikieleza mwenyewe, nani ameniuliza? Basi na wewe niombe kaa."

Tukaanza. Nilimuuliza kwa Kiingereza kama kuna moto nyumbani kwake leo. Hilo liliwezekana, kwa kuwa moto si mtu. Akajibu kwamba moto upo, lakini hakuna aliyepika, kwa kuwa mke wake amekwenda sokoni, na hata angepika, yeye asingetafuna, kwa sababu ya jino. Nikauliza kama majani ya ng'ombe yamekatwa. Akasahau kwamba hana ng'ombe, akasema yamekatwa na mjukuu, kwa kuwa goti lake halitaki kuteremka bondeni. Katika moto na majani nilikuwa nimepata jino na goti. Tulifanya hivyo tukikoboa, tukiosha, tukianika kahawa kwenye vitanda vya waya, na nilipokosa neno tulikitazama kile kitabu chembamba ambacho sasa kilikuwa kimeshika harufu ya maganda ya kahawa.

Wakati huo huo Bwana Shamba akaja. Baba mkubwa alimsogeza mkalimani kando kwa mkono, akamwambia Mzungu sentensi zake zote alizojifunza. Mzungu alifurahi sana. Akamjibu kwa maneno mengi ya haraka, akionyesha mibuni, majani, mlima, anga. Baba mkubwa aliitikia kwa kichwa mpaka mwisho na kusema asante. Tulipokuwa tunarudi nikamuuliza Mzungu amesema nini.

"Sijui," alisema. Alitembea kidogo. "Mkalimani nilimwonea bure. Kumbe alikuwa anatupunguzia mzigo sote wawili."

Siku ya hospitali niliondoka alfajiri na kaptula iliyopigwa pasi ya mkaa na mama, nikateremka mpaka barabara kubwa, nikapata lori la ndizi. Moshi ilikuwa ndiyo kwanza inafungua milango. Mafundi cherehani walikuwa wanatoa mashine zao barazani kwenye maduka ya Wahindi. Nyuma ya mapaa ya mabati kilele cha Mawenzi kilikuwa kimejifunika wingu, na cha Kibo kilikuwa wazi. Nilikuwa na hofu, ila ilikuwa hofu ya kawaida, ile inayokufanya utembee haraka.

Tulikuwa vijana wanne kwenye benchi. Aliyekaa karibu nami alikuwa mtoto wa mjini, wa familia ya Kiislamu, baba yake fundi wa viatu. Alikuwa mchangamfu na alinigawia nusu ya andazi lake.

"Unaogopa?" aliniuliza.

"Kidogo."

"Mimi naogopa damu tu. Usiwaambie."

Tulisoma vifungu vyetu. Changu kilikuwa juu ya kunawa mikono kabla ya kula. Sista, Mzungu mwenye miwani na viatu vyeupe, aliniambia niongeze sauti, nikaongeza. Maswali niliyajibu. Kisha yule kijana wa mjini akapewa mzee wa Kipare mwenye kidonda mguuni. Walizungumza kwa Kiswahili na mambo yakaisha kabla sijameza mate: kidonda ni cha lini, kimetokana na nini, kinauma namna gani. Kiingereza chake kilitoka safi kama maji ya bomba. Sista akaandika, akaridhika.

Mimi nikapewa bibi mmoja aliyekuja kutoka Kilema. Alikaa wima kwenye kiti, kitenge kimefungwa kifuani, mkono wa kulia umelala mapajani kama kitu kisicho chake. Alikuwa na umri wa kuweza kumzaa baba yangu.

Nikamwamkia kwa Kichagga, kwa heshima zote. Akaitikia. Nikauliza habari za nyumbani, akasema ni njema. Sista alingoja. Nikamuuliza kama mvua imefika kwao, kama ndizi zimeshika. Mvua imefika, ndizi zimeshika.

"Muulize anaumwa nini," Sista alisema kwa Kiingereza.

Niliinama kidogo. "Bibi," nikamwambia, "ng'ombe wa nyumbani wanakatiwa majani na nani siku hizi?"

Uso wake ukabadilika. "Nani awakatie kama si mimi? Tangu Jumapili hawajapata majani ya maana. Wanakula migomba tu kama mbuzi wa yatima."

"Anasemaje?" Sista akauliza.

Sentensi nilikuwa nayo, fupi na kamili kama za kitabu, nikaisema: ng'ombe wake hawajapata majani tangu Jumapili.

Kijana wa mjini aliziba mdomo kwa kiganja. Sista alivua miwani.

"Nimekuuliza habari za mgonjwa," alisema. "Sikuuliza habari za ng'ombe."

Pale hapakuwa na sauti ya baba mkubwa ya kujificha chini yake. Lakini nilikuwa najua kitu ambacho Sista hakukijua bado, na nilikuwa na maneno yake.

"Sista," nikasema, "yeye ndiye anayekata majani. Anateremka tambarare, anakata, anapanda na mzigo kichwani. Tangu Jumapili hawezi."

Kalamu ya Sista ikasimama. "Kwa nini hawezi?"

Nikamgeukia bibi. Nikamuuliza mzigo wa mwisho aliufikisha nyumbani au uliachwa njiani. Akasema uliachwa njiani. Alikuwa anavuka mfereji, jiwe likateleza, akaangukia bega na mzigo juu yake. Hakumwambia mtu. Aliuacha mzigo pale pale kwenye maji. Niliyasema hayo yote kwa Kiingereza, moja moja, na Sista aliandika moja moja, akasogea akaligusa bega lile kwa vidole viwili. Bibi alikaza meno.

"Sasa muulize," Sista alisema, na safari hii alisema polepole, "kama anapata choo, na kama amewahi kutapika damu tangu aanguke. Hayo hayana njia ya kuzunguka."

Bibi alikuwa anatutazama sote wawili kwa zamu.

"Anataka nini huyu mama?" akauliza.

"Anataka kujua... bibi, chooni nyumbani kwenu..."

"Weee! Unazunguka kama mtu aliyepotelewa na mbuzi. Mimi bega linaniuma, nawe unaniletea habari za choo cha nyumbani. Uliza!"

Nikauliza. Nikamtazama usoni nikauliza yote mawili, wazi, kwa maneno yake hasa. Hakushtuka. Alinijibu kama mtu anayemjibu fundi: choo anapata, damu hakuna. Nilipomaliza kumweleza Sista, bibi akaninyooshea kidole cha mkono wake mzima.

"Na sasa zamu yangu. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikamwambia.

"Wa Kirua ipi, ya juu au ya chini? Mama yako katokea wapi? Una umri gani? Umeoa? Kwa nini hujaoa? Kwenu mna ng'ombe wangapi?"

Nilijibu yote isipokuwa la mwisho. Nilisema hatuna, naye akacheka kwa sauti, akashika bega kwa maumivu, akaendelea kucheka.

"Nani anamjaribu nani hapa?" Sista akauliza, lakini alikuwa ameshavaa miwani yake na alikuwa anaandika kitu chini ya karatasi. Wale wengine wawili walipomaliza na wagonjwa wao, alituambia tungoje nje.

Tulingoja mpaka jua likafika kwenye ngazi. Kisha karani akatoka akatusomea majina mawili, la kijana wa mjini na langu. Tuje Jumatatu, tukiwa tumenyoa nywele na kukata kucha. Kijana wa mjini alinikumbatia hadharani, jambo ambalo sikulizoea, nami nikasimama tu kama mti, nikitabasamu.

Jioni nilimkuta baba mferejini na wenzake, jembe mkononi, matope mpaka magotini, wakizibua maji yaliyozibwa na majani. Nilimwamkia, nikawaamkia wote, nikasimama pembeni. Hakuuliza. Alitupa matope kando mara kadhaa.

"Lori lilikuwa limejaa?" akasema mwishoni.

"Wakati wa kwenda lilijaa ndizi. Wakati wa kurudi lilikuwa tupu."

"Na safari ijayo litakuwaje?"

"Jumatatu nitalipanda tena, baba. Wamenichukua."

Akaegemea mpini wa jembe. Wale wenzake wakajifanya wanatazama maji. Jumatatu ilikuwa siku ya zamu yetu, na kila mtu pale aliijua zamu ya mwenzake.

"Maji yanafika kwetu asubuhi sana," alisema. "Lori linapita baadaye kidogo." Akaitazama kaptula yangu. "Hapana. Utafika kazini na matope. Nitayafungua mimi."

Akanipa jembe lake nizibue upande wake wakati yeye anatafuta ugoro mfukoni, nami nikaingia majini na kaptula yangu ya pasi.